Midiamu fomati au nibaki na fulu fremu yangu? Naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Kassim_Picha
Wakuu habari za jioni. Natumia kamera ya fulu fremu ya megapikseli 24, wikiendi nazunguka na harusi na sendofu kati ya Tanga na Dar. Sasa kuna jamaa ananiuzia Fujifilm GFX 50S II iliyotumika kidogo, ni midiamu fomati, yaani sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ni kubwa kuliko ya fulu fremu. Nina kazi ya moyoni, nataka kupiga sura za wazee wa Pangani, manahodha na mafundi wa majahazi, nizichapishe kubwa zitundikwe hukohuko kwao. Ila nikiichukua lazima niuze bodi moja (kamera bila lenzi) na lenzi yangu ya milimita 85 f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo lenzi inafunguka zaidi). Inalipa kweli?

nuru_studio
Mkuu 85 usiuze. Sensa ya hiyo GFX ni milimita 43.8 kwa 32.9, yako ni 36 kwa 24, kwa hiyo eneo ni kama mara 1.7 tu. Watu wanasifia ule ukungu wa nyuma lakini lenzi yao ya 80 f/1.7 ukiilinganisha na za fulu fremu inakuwa kama 63 f/1.3, 85 yako inafuta nyuma zaidi ya hapo. Na harusini itakuangusha, picha 3 kwa sekunde na autofokasi inayotegemea kontrasti peke yake, bibi harusi anaingia ukumbini taa zimepunguzwa wewe bado unahangaika na fokasi.

DadaLenzi_Mombasa
Nuru kwa harusi nakuunga mkono, lakini kaka Kassim kaulizia wazee. Ukichapisha megapikseli 24 kwa doti 300 kwa inchi unapata sentimita 51 kwa 34, hiyo GFX inakupa kama 70 kwa 52. Ukutani hiyo tofauti unaiona. Mimi nilikodi GFX 100S, ndugu ya hiyo 50S II, siku mbili, nikampiga mzee mmoja kavaa kofia, jua kali la saa saba, uso wote kivulini, nilipoinua kile kivuli kwenye laptopu ngozi yake ilibaki ngozi, haikugeuka kijivu kama nilivyozoea, na hilo ndilo lililonigusa kuliko hata megapikseli. Ila chunga, fleshi inaishia spidi ya 1/125 ya sekunde, ukitaka kufungua lenzi juani na fleshi ya kawaida beba filta ya ND, ile ya kupunguza mwanga. Na laptopu yangu ya ramu GB 8 ilikuwa inakwama kila faili.

fundi_wa_120
Mbona filamu hamjaitaja? Kamera ya filamu ya Mamiya RB67 ya mtumba iko chini sana ya bei ya hiyo GFX na negativu yake ya 6x7 (kama sentimita 6 kwa 7) ni zaidi ya mara 4 ya fulu fremu. Roli moja picha 10, basi, kwa hiyo unakaa na mzee mnaongea kwanza. Halafu unaangalia kwa juu, unainamia kioo, uso wako haujifichi nyuma ya kamera, mzee anakuona na wewe unamuona, sura inakuja nyingine kabisa. Ubaya ni uzito, kama kilo mbili na nusu, tripodi lazima.

Kassim_Picha
Fundi hapo kwenye uso umenishika. Filamu unasafishia wapi?

fundi_wa_120
Nyumbani, filamu ya HP5 na dawa ya ID-11. Joto la Dar ndio shida, dawa inataka nyuzijoto 20 na maji ya bomba hayafiki huko, naweka chupa za dawa kwenye beseni la maji na barafu hadi kipimajoto kishuke. Nachanganya dawa sehemu moja na maji sehemu moja, dakika 13. Ukiacha ikiwa ya moto muda unakuwa mfupi mno, inatoka na madoa.

nuru_studio
Kassim anza na uliyonayo, chapisha sura moja 51 kwa 34 umpelekee mzee mmoja.

Kassim_Picha
Sawa, 85 siuzi. Jumamosi sina harusi, naenda Pangani na hiyo hiyo 24. Dada Lenzi, ile 100S kwa siku mbili walikutaka dhamana gani?

DadaLenzi_Mombasa
Kitambulisho na bodi yangu moja niliwaachia. Nenda na betri mbili.