Maganda ya mazao kusafisha maji taka ya viwanda: yakishajaa sumu yanakwenda wapi?

MTOA MADA

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila ushabiki. Wapo wanaotaka viwanda vidogo, hasa vya ngozi, betri na upakaji wa metali, viruhusiwe kusafisha maji taka kwa maganda ya ndizi, pumba za mpunga, magunzi na vifuu, badala ya mitambo ambayo hawaimudu. Wanasema mabaki haya yanatupwa bure, na yananasa metali zenye sumu kama risasi, kadimi na shaba. Kunasa yananasa kweli. Ila mimi nasema asipewe mtu kibali kabla hajaonyesha maganda yaliyotumika anayapeleka wapi.

Hili nimelijaribu kwa mikono yangu. Nilikausha maganda ya ndizi, nikayasaga, nikayaosha mpaka yakaacha kutoa rangi ya chai, kisha nikayatia kwenye chupa ya maji yenye mrututu, ile chumvi ya bluu yenye shaba. Nikatikisa, nikaacha saa kadhaa. Ubuluu ukafifia mbele ya macho yangu, na nakiri nilifurahi kama mtoto. Nikachuja, halafu nikamimina asidi kidogo iliyozimuliwa juu ya yale maganda. Yaliyodondoka chini yalikuwa bluu iliyokolea kuliko maji ya mwanzo. Shaba haikwenda popote, ilikuwa imehamia kwenye maganda.

Ganda lina selulosi, lignini na pektini, zenye sehemu za chaji hasi. Metali kama risasi ina chaji chanya, hivyo inang'ang'ania pale na kuisukuma kalisi au hidrojeni iliyokuwapo. Asidi ikizidi, hidrojeni inarudi kugombea nafasi na metali inaachiwa. Ndiyo maana risasi na kadimi hunasika vizuri pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikiwa karibu 5 au 6. Kromi 6, aina ya metali ya kromi yenye sumu kali, ni kinyume chake: majini huwa na chaji hasi, na hunasika pH ikishuka mpaka karibu 2. Kwa hiyo hakuna pipa moja la maganda litakalomaliza kila kitu.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Kiwanda kinatoa lita 100,000 kwa siku, kila lita ina miligramu 5 za risasi. Hiyo ni nusu kilo ya risasi kila siku. Kilo moja ya maganda ikinasa gramu 10, zinahitajika kilo 50 kwa siku, yaani zaidi ya tani 18 kwa mwaka. Hapo nimekadiria kwa upole, maana kadiri metali inavyopungua majini ndivyo ganda linavyonasa kidogo. Tani 18 zenye risasi, zinalala wapi?

MCHANGIAJI WA 1

Mtoa mada, unawabana wa maganda peke yao. Anayesafisha maji kwa chokaa ili metali zituame naye anabaki na tope lenye metali zilezile, mbona humuulizi? Na wengi leo hawasafishi kabisa, wanafungulia mtoni. Kwangu mimi, maganda ni bora kuliko bomba tupu.

MCHANGIAJI WA 2

Mimi naongeza moja tu. Majaribio mengi hufanywa kwa maji safi yaliyotiwa metali moja. Maji ya kiwandani yana kalisi, magnesi, mafuta, sabuni na rangi, vyote vinagombea nafasi ileile. Halafu maganda mabichi yanatoa uchafu wake unaomaliza oksijeni majini. Yapimwe kwa maji ya kiwanda chenyewe.

MTOA MADA

Wa 2, nakubali neno kwa neno.

Wa 1, nawe uko sahihi kuhusu tope, na sharti liwe lilelile kwa wote. Lakini tope la chokaa hakuna anayelitamani. Pumba zilizokauka nyuma ya kiwanda zinaonekana kama kuni, kama mbolea, kama chakula cha mifugo. Atapita mtu asiye na habari azijaze kwenye gunia. Akizichoma, risasi nyingi inabaki kwenye majivu na sehemu ya kadimi inapanda na moshi. Akizimwaga shambani, kadimi inaingia kwenye mazao. Japani waliliona hilo katika bonde la mto Jinzu: maji yenye kadimi kutoka mgodini yalimwagilia mpunga, watu wakala wali ule miaka na miaka, mifupa ikawavunjika kwa maumivu makali. Serikali ilikiri chanzo chake mwaka 1968.

Hivyo sipingi maganda. Nataka yapimwe uzito yakiingia na yakitoka, yawekwe kwenye mapipa yenye alama, kisha metali ikamuliwe kwa asidi na kurudishwa kazini (kwa shaba hili linaweza kulipa), au yagandishwe ndani ya saruji na kufukiwa mahali panapojulikana. Gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, ndipo tulinganishe na chokaa.

Kama yupo aliyefanya kazi mahali wanapoandika kilo zinazotoka, atueleze yale mapipa hupokelewa na nani.