Findmypast, Ancestry au DNA? Namtafuta babu aliyekuwa kwenye mradi wa karanga

Mjukuu wa Kongwa
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mwingereza na nataka kujua asili yake: alizaliwa wapi, wazazi wake ni akina nani, na kama kuna ndugu walio hai. Nimeona njia tatu. Ya kwanza ni kulipia Findmypast, tovuti ya kutafutia kumbukumbu za ukoo, mwaka mzima, wana punguzo linaloisha Jumapili. Ya pili ni Ancestry, tovuti nyingine ya namna hiyo, maana naona ndiyo inayotajwa na wengi. Ya tatu ni kipimo cha DNA. Pesa yangu inatosha kitu kimoja tu. Mliowahi kutumia, ipi inafaa? Natanguliza shukrani.

DNA Kwanza
DNA, usiwaze mara mbili. Karatasi zinaweza kudanganya, damu haidanganyi.

Mzee wa Nyaraka
Mjukuu, kwa maelezo hayo hakuna anayeweza kukujibu vizuri. Babu alikuwa anaitwa nani? Alizaliwa miaka ya ngapi? Alikuja huku lini, kwa kazi gani? Na ukisema Mwingereza, ni wa England, Wales, Uskoti au Ayalandi?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua pesa yako iende wapi. Uandikishaji wa vizazi na vifo ulianza 1837 kwa England na Wales, 1855 kwa Uskoti, 1864 kwa Ayalandi, na vitabu vyao haviko pamoja. Vyeti vya Uskoti vipo ScotlandsPeople, ambayo ni ya serikali yao. Hawatozi ada ya mwaka. Unanunua pointi na kulipia kila ukurasa unaoufungua. Vya Ayalandi vimewekwa bure kabisa kwenye tovuti ya IrishGenealogy: vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita 75, vifo vilivyopita 50. Kwa hiyo kama babu yako ni wa Glasgow au wa Cork, hilo punguzo la Jumapili halikuhusu kwa chochote cha maana. Funguka kwanza.

Kipanga
Mleta mada aseme pia lengo. Kama ni viza, ushauri unabadilika.

Mjukuu wa Kongwa
Shikamoo Mzee. Jina ni D. R. Evans, ndivyo alivyosaini nyuma ya picha. Herufi za mwanzo sijui zinasimamia nini. Picha ina muhuri wa studio ya Swansea, kule Wales. Mama alizaliwa Kongwa 1950, na bibi alikuwa akisema babu ni fundi wa matrekta kwenye mradi wa karanga, akaondoka mradi ulipokufa. Hawakufunga ndoa. Bibi ametangulia mbele za haki, kwa hiyo hayo ndiyo yote tuliyo nayo. Umri wake kwenye picha ni kama miaka thelathini na kitu.

Lengo si viza. Mama anazidi kuzeeka na ametaka jambo hili tangu nikiwa mdogo.

Mzee wa Nyaraka
Marahaba. Sasa tunaongea. Mradi ule ulianza Kongwa 1947, ukapanuliwa hadi Urambo na Nachingwea, na mapema 1951 serikali ya Uingereza ikauacha. Wazungu wengi walioletwa walikuwa askari waliotoka vitani, mafundi wa mitambo hasa. Kwa hiyo babu yako alifika kati ya 1947 na 1949, na kama alikuwa na miaka thelathini na kitu, alizaliwa kati ya 1910 na 1920 hivi.

Anza na orodha za abiria wa meli. Zilizotoka bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960 zimehifadhiwa na Hifadhi ya Taifa kule Kew, na zinasomeka mtandaoni. Za miaka hiyo ya arobaini zinaonyesha jina, umri, kazi na, hiki ndicho unachokitaka, anwani ya mwisho aliyoishi Uingereza. Tafuta Evans, fundi, anayeshukia Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Tafuta pia orodha za waliorudi, 1951. Lakini kama aliletwa kwa ndege hutamkuta humo, orodha hizo ni za meli.

Halima wa Cardiff
Mimi naishi huku Wales, nimeolewa huku, na ukoo wa mume wangu nimeufuatilia hadi miaka ya 1790. Kaka, usilipie Ancestry. Chukua Findmypast, tena ya mwezi mmoja, siyo ya mwaka. Nitakueleza kwa nini.

Kwa mtu aliyezaliwa miaka hiyo kuna vitabu viwili vikubwa vinavyomshika. Cha kwanza ni sensa ya Juni 1921, ambayo Findmypast ndio walioiweka mtandaoni Januari 2022. Mle atakuwa mtoto, yupo na wazazi wake, umri umeandikwa kwa miaka na miezi, pamoja na mahali alipozaliwa na mwajiri wa baba yake. Cha pili ni daftari la Septemba 1939 lililotumika kutolea vitambulisho vya vita, ambalo lina tarehe kamili ya kuzaliwa na kazi. Katikati hapo hakuna kitu: sensa ya 1931 iliteketea kwa moto 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita.

Tatizo lako ni Evans. Huku majina ya koo yalichelewa kutulia. Mtu alikuwa akiitwa kwa jina la baba yake, ap fulani, kama kwetu fulani bin fulani, na yalipogandishwa tukabaki na Evans, Davies, Jones na Williams kila nyumba. Swansea peke yake utakuta D. Evans wa kutosha kujaza uwanja. Bila jina la pili usithubutu kumchagua mmoja kwa sababu tu umri umelingana.

DNA Kwanza
Dada Halima, umejijibu mwenyewe. Kama Evans wamejaa, orodha ya meli itampa Evans yupi? Mimi nasema hivi: apimwe MAMA, siyo mjukuu. Vipimo hivi huhesabu urefu wa vipande vya DNA mnavyochangia, kwa sentimogani. Kama babu aliacha mtoto mwingine kule Wales, huyo na mama watachangia karibu 1,750, kiwango ambacho hakina ubishi. Mjukuu akipimwa yeye na huyohuyo, inashuka karibu nusu. Kila kizazi kinapunguza, na mama ndiye mwenye kumbukumbu hiyo mwilini. Pimeni leo, karatasi zitangoja.

Ancestry ndio wenye hifadhi kubwa kuliko wote, wamepima watu zaidi ya milioni 25. Majibu yakitoka unapakua faili ghafi na kulipeleka GEDmatch na FamilyTreeDNA, hifadhi nyingine za kulinganisha DNA.

Halima wa Cardiff
Kuhusu kumpima mama sina neno, hapo umesema kweli. Ila hakikisheni kwanza kampuni inatuma kisanduku cha kuchukulia mate hadi Tanzania. Wengine husubiri ndugu anayetoka Ulaya awaletee na arudi na mate.

Kipanga
Mjukuu, hata kama hufikirii viza, ujue ipo. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola ambaye babu au bibi yake alizaliwa Uingereza anaweza kuomba viza ya asili, ya miaka mitano ya kuishi na kufanya kazi. Na sheria yao haijali kama babu na bibi walioana. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha babu kina thamani kubwa kuliko unavyodhani.

Mzee wa Nyaraka
Kipanga, usimpe kijana matumaini nusu. Wanataka mnyororo wa vyeti: cha mwombaji, cha mzazi, cha babu. Cheti cha mama yake kina jina la baba?

Mjukuu wa Kongwa
Hakina. Mama alipata cheti ukubwani, na nafasi ya baba liliwekwa jina la mjomba.

Kipanga
Hapo pagumu. Ila DNA inaweza kufungua mlango mahakamani. Mmesikia ya Nanyuki, Kenya, watoto waliozaliwa na askari wa Uingereza: wanasheria walikusanya sampuli, wakalinganisha na hifadhi za kampuni hizihizi, na baba wakapatikana.

Bahari77
Naomba niulize, na simaanishi ubaya. Mtu aliyeondoka 1951 akamwacha mtoto wa mwaka mmoja na hakuandika hata barua, kwa nini atafutwe kwa gharama? Hiyo pesa mpeleke mama hospitali nzuri akaangaliwe.

Mjukuu wa Kongwa
Kaka, mama ndiye anayetaka. Alikulia Kongwa akiitwa majina nisiyoweza kuyaandika hapa, kwa ajili ya rangi yake. Anataka kujua anafanana na nani. Mimi siwezi kumwambia haifai.

Bahari77
Nimekuelewa. Mungu awasaidie.

Mama Zuhura
Nimesoma uzi wote, na ninaona kuna njia moja haijatajwa ambayo wengi mtaishia kushawishiwa nayo: kumlipa mtafiti. Naomba niwaeleze yaliyonipata ili msirudie.

Niko Birmingham. Marehemu mume wangu, bibi yake alitoka Cork, ukoo wa Sullivan, na watoto walitaka kujua. Nikampata mtu mtandaoni aliyejiita mtaalamu wa koo za Kiayalandi. Alitaka nusu ya malipo mwanzo, nusu mwisho. Baada ya muda akaniletea kitabu kizuri cha jalada gumu, na nembo ya ukoo yenye rangi, na mti unaorudi nyuma hadi miaka ya 1600. Watoto walifurahi, tukakiweka sebuleni.

Kilichonitia shaka ni mzee mmoja kanisani, Mwayalandi, aliyekitazama akaniuliza: rejista hizo za 1600 kazipata wapi? Akanieleza kwamba vitabu vya parokia nyingi za Kikatoliki kule vinaanzia mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa ya 19, na kwamba jengo la kumbukumbu la Four Courts, Dublin, liliungua Juni 1922 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, likateketea na sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote. Sensa za 1861 hadi 1891 serikali ilishaziharibu. Kwa mkulima mpangaji kupata mti wa miaka 400 ni jambo la ajabu sana.

Nikaketi mwenyewe. Sensa za 1901 na 1911 ni bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Vyeti nikavitoa IrishGenealogy. Rejista za parokia ziko bure kwenye Maktaba ya Taifa yao. Nikakuta yule mtu alichukua Sullivan wa parokia ya jirani, mwenye jina lilelile, akamfanya bibi yetu. Cheti cha ndoa halisi kinataja baba mwingine kabisa! Na mama mzazi aliyewekwa kwenye mti alikuwa amekufa kabla bibi hajazaliwa. Nilipomwandikia alinijibu mara moja tu, kisha akapotea na pesa yangu.

Jambo moja nililojifunza humo, msilipuuze: mama mkubwa wa familia hiyo ana miaka 57 katika sensa ya 1901, na 71 katika ile ya 1911. Pensheni ya uzee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofikisha 70, na wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa cha kuthibitisha chochote. Kwa hiyo umri wa kwenye sensa ni wa kulinganisha, siyo wa kuapia.

DNA Kwanza
Pole sana mama. Ndiyo maana nasema DNA.

Mama Zuhura
Ahsante mwanangu. Lakini DNA isingenipa jina la baba mzazi wa bibi. Cheti ndicho kilichonipa. Vyote vina kazi yake.

Halima wa Cardiff
Na jingine ambalo wageni wa mambo haya hawaambiwi: ukilipia Findmypast au Ancestry, kwa vizazi vya England na Wales unapata faharasa tu, yaani jina, robo ya mwaka na wilaya. Cheti chenyewe unakilipia peke yake ofisi kuu ya uandikishaji, GRO. Kwa hiyo kaka usimalize pesa yote kwenye ada. Faharasa ya GRO yenyewe ni bure, na inaonyesha jina la ukoo la mama wa mtoto. Kwa akina Evans hilo ndilo litakalowatenganisha. FreeBMD, tovuti nyingine ya faharasa hizo, nayo ni bure.

Na maktaba nyingi za umma huku zina Ancestry au Findmypast bure kwa msomaji aliyeketi humo ndani. Nitumie picha ya saini faragha, Jumamosi nitapita maktaba niangalie meli za 1947 hadi 1949. Siahidi kitu.

Mjukuu wa Kongwa
Dada Halima, sina la kusema. Nakutumia usiku huu. Kwa hiyo nisilipie hilo punguzo?

Mzee wa Nyaraka
Acha lipite, huja tena.

DNA Kwanza
Asilipie Findmypast, anunue kipimo. Mama hana miaka ya kusubiri punguzo lijalo.

Mzee wa Nyaraka
Kwa hilo la umri siwezi kukupinga. Mjukuu, kuna sehemu nyingine karibu na nyumbani. Ugogo ilikuwa eneo la wamisionari wa Kianglikana wa CMS, Mpwapwa na Kongwa humo humo. Mama alibatizwa?

Mjukuu wa Kongwa
Alibatizwa mdogo, Kongwa, Anglikana. Sijawahi kufikiria kuuliza kitabu.

Mzee wa Nyaraka
Kaulizie. Mapadri wa zamani wakati mwingine waliandika jina la baba hata pale serikali isipoandika, na huenda ukapata herufi D imefunguliwa. Nenda na barua ya mchungaji wako wa sasa, usiende mikono mitupu.

Kipanga
Na kama jina la baba limo kwenye kitabu cha ubatizo, lile suala la viza linafufuka.

Halima wa Cardiff
Kipanga, tafadhali, mwache amtafutie mama kwanza.

Kipanga
Sijamzuia. Namwambia haki yake.

Mwana wa Tabora
Wakuu, nimechelewa. Mimi wa kwetu alikuwa Mskoti, fundi wa reli Tabora, jina ninalo kamili na barua tatu. Hizo pointi za ScotlandsPeople zinanunulika kwa kadi ya benki ya hapa? Na nikipata cheti cha kifo chake kitaonyesha wazazi?

Mzee wa Nyaraka
Kitaonyesha. Vyeti vya vifo vya Uskoti hutaja baba na mama, pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa, jambo ambalo vya England havikuwa nalo zama hizo. Ila kama alifia huku, hatakuwa kwenye vitabu vyao vya kawaida. Alifia wapi, mwaka gani? Fungua uzi wako, uandike yote tangu mwanzo.