Jina la ukoo Mazrui: asili yake ni wapi, na wenye jina hili ni wangapi?

Mdadisi_Nasaba

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nakusanya taarifa za majina ya koo za pwani na ninaomba msaada kuhusu Mazrui.

1. Asili yake ni mahali, kazi au babu?
2. Tovuti za kukadiria majina zinatoa idadi mbalimbali kwa Mazrui, Mazroui, Mazrouei na Al Mazrui, kila tahajia kivyake. Nijumlishe au nisijumlishe?
3. Iko takwimu rasmi ya Kenya au Tanzania inayotaja idadi ya wenye jina hili?
4. Wale wa Morocco wanaojiandika Mazraoui, kama mchezaji mpira Noussair Mazraoui, ni ukoo huo huo?

Shukrani.

Herufi_Ayn

Waalaykum salaam ndugu. Weka kando herufi za Kirumi kwanza, andika jina kwa Kiarabu: المزروعي. Mzizi wake ni herufi tatu za Kiarabu, zei, re, ayn, mzizi wa kupanda na kulima. *Mazruu* ni kilichopandwa, *mazraa* ni shamba. Ye ya mwisho ni ya nisba, yaani ya kuonyesha mtu ni wa wapi au wa nani, kama ilivyo kwa Busaidi, Harthi na Barwani. Kwa hiyo Mazrui maana yake ni mtu wa kabila hilo, na wakiwa wengi kwa Kiarabu wanaitwa Mazarii. Ukikutana na "Mazarii" kwenye hati ya zamani usifungue faili jipya, ni wale wale. Mzizi wa kulima nao usikufanye uandike kwamba babu yao alikuwa mkulima. Maana ya neno ni jambo moja, historia ya watu ni jambo jingine, na orodha nyingi za majina mtandaoni huchanganya hayo mawili.

Swali la nne linajibiwa na herufi moja. Jina la yule mchezaji kwa Kiarabu ni مزراوي, halina ayn. Ni nisba nyingine, ya muundo wa *-awi*. Kwa herufi za Kirumi majina haya yanafanana kwa sababu ayn haina herufi yake huko: wengine huweka alama ya ritifaa wakaandika Mazru'i, wengi huiacha kabisa. Basi kanuni ya kwanza: usimuunganishe mtu na ukoo huu mpaka uone jina lake kwa Kiarabu, au uone nasaba.

Tahajia zinatofautiana kulingana na nani alikuwa karani. Kenya na Tanzania tumezoea Mazrui. Falme za Kiarabu pasipoti nyingi zina Al Mazrouei. Utakuta pia Mazroui, Mazrooei, Almazrui bila nafasi. Zote hizo ni المزروعي.

Na wanawake msiwasahau. Oman jina la nisba hugeuka kwa mwanamke: kaka ni al-Mazrui, dada ni al-Mazruiya. Ukitafuta "Mazrui" peke yake kwenye orodha ya Oman inayolinganisha neno zima, umepoteza karibu nusu ya watu. Falme za Kiarabu wanawake kwa kawaida hubaki na Al Mazrouei, kwa hiyo kosa hilo halitokei kwa kiwango kile kile, na ukilinganisha nchi hizo mbili bila kusawazisha, Oman itaonekana na watu wachache kuliko haki yake.

Nyaraka_za_Pwani

Niongeze historia, maana bila hiyo idadi yoyote itakuwa haina mguu wa kusimamia.

Ngome ya Yesu ya Mombasa ilitoka mikononi mwa Wareno Desemba 1698, ikaangukia kwa Waomani. Wareno walirudi kwa muda mfupi 1728 hadi 1729. Katika miaka ya 1730 Imamu wa Oman alimweka Muhammad bin Uthman al-Mazrui kuwa liwali, yaani gavana, wa Mombasa. Ukoo wa Busaidi uliposhika madaraka Oman katika miaka ya 1740, liwali huyo alikataa kuutambua, na tangu hapo Mombasa ikawa mikononi mwa Wamazrui hadi 1837, Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipoichukua na wakuu wa ukoo wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, Uajemi. Waliosalia waligawanyika: wengine Takaungu, kaskazini ya Mombasa, wengine Gazi, kusini. Pemba nayo ilikuwa chini yao hadi mwanzoni mwa miaka ya 1820, ndiyo maana jina hilo unalikuta visiwani pia.

Vita vya Wamazrui na Waingereza vya 1895 na 1896 vilisukuma jina hilo hadi Tanganyika. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alivuka mpaka Aprili 1896 akaingia upande wa Wajerumani, pamoja na wafuasi wake. Na hapa kuna mtego unaowaangusha watafiti: wakati ule ule kulikuwa na Mbaruk bin Rashid mwingine, wa Takaungu, aliyekuwa akigombea uliwali baada ya Salim bin Khamis kufariki 1895. Wawili, jina moja, baba zao jina moja, ukoo mmoja, vita moja. Hati ikisema "Mbaruk bin Rashid" tu, angalia mahali na jina la babu kabla ya kuandika chochote.

Kwa hiyo kundi la Afrika Mashariki lihesabiwe peke yake. Kwenye Falme za Kiarabu Al Mazrouei ni kabila kubwa la upande wa Liwa, ndani ya shirikisho la makabila la Bani Yas. Huko si jina adimu hata kidogo. Adimu ni hapa kwetu. Ukijumlisha Abu Dhabi na Mombasa utapata namba kubwa isiyokuambia lolote kuhusu Takaungu.

Hesabu_Kwanza

Swali la pili na la tatu niachieni mimi.

Takwimu rasmi ya jina la ukoo, Kenya haipo na Tanzania haipo. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na ya Tanzania ya 2022 watu 61,741,120, lakini hakuna iliyochapisha majina. Kenya huchapisha makabila, na wengi hukimbilia hapo. Tazama kinachotokea: mwaka 2009 Waarabu wa Kenya walikuwa 40,760 na Waswahili 110,614. Mwaka 2019 Waarabu wakawa 59,021 na Waswahili wakashuka hadi 56,074. Waswahili hawakupotea nusu ndani ya miaka kumi. Kinachobadilika ni jibu ambalo mtu analitoa kwa karani na msimbo unaoandikwa. Mazrui mmoja anaweza kuandikwa Mwarabu leo, na sensa ijayo Mswahili. Usichukue sehemu ya Waarabu ukaifanya idadi ya Wamazrui. Tanzania haikupi hata mwanzo huo, sensa ya mwisho kuuliza kabila ni ya 1967.

Zile tovuti za makadirio huchukua orodha walizozipata, wakahesabu jina linatokea mara ngapi, wakazidisha hadi kufikia idadi ya nchi. Kwa jina lenye watu laki tano haina neno. Kwa jina adimu, watu watano wakiongezeka kwenye orodha wanakuwa mamia kwenye makadirio. Wala usijumlishe tahajia kienyeji: mtu mmoja mwenye pasipoti "Al Mazrui" na leseni "Mazrui" anaweza kuhesabiwa mara mbili.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye mpangilio wetu wa majina. Chukua nasaba inayojulikana wazi: Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui (1825–1894), mwanawe Sheikh Al-Amin bin Ali (1891–1947), Kadhi Mkuu wa Kenya, na mjukuu Profesa Ali Al-Amin Mazrui (1933–2014). Mjukuu aliandika jina lake, la baba, halafu la ukoo. Lakini fomu zetu nyingi zinataka majina matatu, na watu wengi hujaza lao, la baba na la babu. Kwa utaratibu huo angekuwa Ali Al-Amin Ali, na kompyuta ingeona jina la ukoo ni "Ali". Mazrui lingetoweka kwenye takwimu ilhali mtu na watoto wake wapo. Tena kompyuta ikipanga kwa jina la mwisho, Al-Amin Ali na Ali Al-Amin, baba na mwana, wanaweza kuonekana ni mtu mmoja aliyeandikwa kinyume.

Angalieni pia namna programu ya kutafuta inavyofanya kazi. Zinazotumia Soundex hubana jina liwe herufi moja na tarakimu tatu. Mazrui, Mazroui na Mazrouei zote zinatoa M260, vizuri. Almazrui inatoa A452, kwa hiyo hutaiona kabisa. Na Mazraoui wa Morocco anatoa M260, kwa hiyo utaletewa asiyehusika. Tafuta mara mbili, mara moja kwa kila msimbo, kisha chuja kwa macho.

Marekani wana orodha ya sensa ya majina yaliyotokea mara 100 au zaidi. Ya 2010 ina majina 162,253. Humo nafasi na alama zimeondolewa, "Al Mazrui" itafutwe ALMAZRUI. Jina lisipoonekana maana yake ni kwamba halikufika 100 kwa tahajia hiyo, si kwamba hawapo.

Mdadisi_Nasaba

Nimeelewa, ahsanteni sana. Sasa kwa vitendo: nikitaka makadirio ya mji mmoja, tuseme watu wazima tu, nianzie wapi?

Hesabu_Kwanza

Tumia orodha mbili ambazo hazikutokana na chanzo kimoja. Mfano wa kufikirika: orodha ya kwanza ina watu 120, ya pili 90, na walio kwenye zote mbili ni 60. Zidisha 120 kwa 90, gawanya kwa 60, unapata 180. Hayo ndiyo makadirio yako.

Sasa tazama tahajia inavyoharibu hesabu. Ukishindwa kuwatambua 15 kati ya wale 60 kwa sababu huku wameandikwa Mazrui na kule Almazrui, wa pamoja wanabaki 45, na jibu linaruka hadi 240. Watu 60 wasiokuwepo, wamezaliwa na kosa la karani. Ndiyo maana kazi ya kulinganisha majina huchukua muda mrefu kuliko hesabu yenyewe. Linganisha kwa jina, la baba, la babu na mwaka wa kuzaliwa. Vinavyokubaliana vikiwa vitatu, wahesabu kama mtu mmoja. Vikiwa viwili, muweke pembeni umuulize mzee wa ukoo.

Kosa la upande wa pili: orodha ya pili ikiwa imenakiliwa kutoka ya kwanza, wa pamoja watakuwa wengi mno na idadi itashuka. Orodha ya msikiti na orodha ya madrasa ya msikiti huo huo haifai. Orodha ya wapiga kura na orodha ya wachangiaji wa mazishi ya jamaa, hapo kuna nafuu, ila waondoe marehemu kwanza na utaje wazi kwamba walio chini ya miaka 18 hawamo. Na andika kiwango, si namba moja: "kati ya 170 na 200" ni kauli ya kweli kuliko "183".

Nyaraka_za_Pwani

Kwa vizazi vya nyuma, njia bora ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya pwani ya 1908 iliwalazimu wenye madai kujitokeza, na madai yanaandikwa kwa jina la mtu, baba na mara nyingi babu na kabila. Ndipo utakapompata yule ambaye fomu za leo zinamficha. Kuna pia sheria ya amana ya ardhi ya Wamazrui ya Takaungu, ya 1914, iliyofutwa 1989. Amana ya namna hii ikigombewa mahakamani, mdai hana budi kuthibitisha ni mtoto wa nani, na hapo nasaba huandikwa kwa urefu. Kwa upande wa wakfu, kumbukumbu za Makamishna wa Wakfu, chombo kilichoanzishwa 1900, huonyesha nani aliweka wakfu na nani wanufaika. Visiwani nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani.

Makaburi ya Wamazrui yapo Mji wa Kale wa Mombasa, mkabala na Ngome ya Yesu. Ndipo Profesa Ali Mazrui alipozikwa 2014. Ukienda, nakili tarehe ya Hijria kama ilivyoandikwa kwanza, kisha ndipo ugeuze. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11, kwa hiyo mwaka 1312 unaanzia Julai 1894 na kuishia Juni 1895. Ukiandika "1894" tu, unaweza kumuua mtu kabla ya tukio aliloshuhudia.

Jambo moja la kushika kwa adabu: pwani, watu waliokuwa chini ya ulinzi wa ukoo, wakiwemo walioachwa huru kutoka utumwani, wakati mwingine waliandikwa kwa jina la ukoo ule. Wajukuu zao wana jina hilo kwa haki kabisa. Kama unahesabu wenye jina, wamo. Kama unachora mti wa damu, hati ndiyo iseme, usimvue mtu jina kwa kukisia.

Herufi_Ayn

Na orodha yako ya walio hai, Mdadisi, usiiweke mtandaoni. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya 2022. Chapisha idadi na tahajia, majina na miaka ya kuzaliwa yabaki kwako. Ongeza safu moja ya jina kwa Kiarabu kwenye jedwali lako tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuirudia baadaye ni kuanza upya.

Mdadisi_Nasaba

Safu ya Kiarabu nimeiongeza, na Mazraoui nimemtoa. Naanza na Takaungu.