Mrejesho: kisafisha uso chenye salisiliki au laktiki?

Niliuliza kipi kinafaa ngozi ya mafuta inayowashwa upesi, chenye asidi ya salisiliki au ya laktiki. Asanteni wote. Salisiliki ya 0.5 hadi 2% huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hupenya vitundu vya ngozi vilivyoziba. Laktiki huyeyuka kwenye maji, hufanya kazi juu na kushika unyevu. Nimechukua salisiliki. Ila jamani, someni na kinacholeta povu! SLS (sodiamu lauril salfeti, kiletea povu kikali) ikiwa ya pili baada ya maji kwenye orodha ya viungo, ngozi hukauka halafu lawama anabebeshwa asidi. Kokamidopropili betaini, kiletea povu kingine, ni laini zaidi. Visafisha vyenye chembe za maganda ya jozi nimeviacha, vinakwaruza. Kisafisha kikae usoni sekunde 30 hadi 60, suuza, usiku usiopaka retinoli (aina ya vitamini A ya kupaka). Mchana losheni ya jua, SPF (kiwango cha kinga ya jua) 30.