Boti ufukweni elfu 80, kisiwani laki 3 na 20! Hivi hii ni biashara au utekaji?

Wakuu habari za asubuhi, mi sio mtu wa kulialia humu ila hii imenikaa kooni tangu jumamosi, acha niiteme.

Kuvutana bei mi sina tatizo nako kabisa. Nimekulia Mwanza, mama alikuwa na meza sokoni, najua mtu akikwambia elfu kumi anategemea useme nne mkutane kwenye sita afu kila mtu aende zake anacheka. Kariakoo mi naingia kama naenda mpirani. Lakini nilichokutana nacho Unguja sijui hata nikiite nini.

Tulikuwa wanne, mi, wife, mtoto wa miaka 4 na binamu yangu aliyekulia Ujerumani, Kiswahili chake cha kuombea maji. Sasa papasi, wale vijana wanaovizia wageni pale Forodhani, wakishaona begi la mgongoni na mtu anaongea kizungu bei inapanda kabla hujafungua mdomo. Kikoi tu, duka moja pale mtaa wa Gizenga, binamu katajiwa elfu 60, mi nimepita nusu saa baadae peke yangu nikasalimia vizuri, kikoi kile kile 25, nimechukua kwa 18. Haya, hiyo nimesamehe, mwenye duka hakumshika mtu shati.

Boti sasa. Binamu anataka kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe. Nikamuacha mbali makusudi na mtoto, nikaenda kuongea na kijana mmoja ufukweni. Kaanza laki na nusu, nikasema 50, kashika kichwa, "mafuta yamepanda bosi", tukasimama kwenye 80. Nikamuuliza mara mbili, narudia MARA MBILI, chombo kizima? "Chombo kizima sheikh." Kwenda na kurudi? "Kwenda na kurudi, mkae mpaka mchoke wenyewe." Nikampa 40 ya mafuta, iliyobaki tukirudi. Kiingilio cha kisiwani alisema tutajilipia, hilo alikuwa muwazi, sina ugomvi nalo.

Tumefika, kobe tumewaona, wale wakubwa ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli 1919, mtoto kawalisha majani kafurahi balaa. Tukazungushwa na kwenye ile jela, jamaa anayetembeza wageni anatuambia ilijengwa miaka ya 1890 ila haikuwahi kufunga wafungwa, ikageuzwa karantini. Nikacheka. Sikujua mfungwa wa kwanza ndo mimi.

Saa nane mchana tunarudi kwenye boti, kijana kakaa ukingoni miguu kwenye maji hata hanyanyuki. "Kaka tumalizane kwanza." Nikamwambia 40 yako ipo, tukifika. "Aa, hamkunifahamu, themanini ile ya mtu."

Ya mtu!! Nikapiga hesabu, vichwa vinne, laki 3 na 20, na mtoto kahesabiwa humohumo, mtoto ambaye njia nzima alikaa mapajani kwa mama yake! Namuuliza sasa chombo kizima ulichoniambia kilikuwa kipi, anaangalia bahari. Mwenzake wa kwenye injini naye ghafla hajui lolote, yeye anaendesha tu.

Hapo utavutana bei na nini wakuu? Sokoni silaha ya mteja ni miguu, unapiga hatua tano unasikia "njoo basi, lete hiyo". Kisiwani unaondoka unaenda wapi, kwa kobe? Boti nyingine zilikuwepo, nimezifuata mbili, majibu yaleyale, "mmekuja na yule, malizaneni nae". Dakika arobaini za jua la utosi, mtoto analia, wife kaninunia mimi badala ya mwizi, afu binamu ananinong'oneza tumpe tu euro yaishe, kijana kusikia neno euro macho yakamtoka kama taa za fuso. Tumeishia laki na 70. Kufika ufukweni ananipa mkono, "karibu tena bosi, usisahau na rafiki zako". Risiti? Risiti gani.

Kesho yake tumepanda daladala kwenda Nungwi, bibi mmoja kanipakatisha kapu lake la samaki bila hata kuniuliza, konda kachukua nauli ileile kwangu, kwa bibi na kwa binamu na begi lake. Kumbe inawezekana! Sasa pale ufukweni kinashindikana nini kuweka ubao, boti ya watu kadhaa kwenda na kurudi shilingi kadhaa? Na iwe shilingi kweli, maana mwaka 2025 ilitoka kanuni ya kukataza kutangaza bei za humu nchini kwa dola, ila pale mi nimetajiwa dola mpaka kwenye dafu.

Na msiniletee ile ya watu wa bara mnapenda kulalamika. Muuza urojo jirani na tulipolala siku zote tatu bei moja, na siku moja kanikimbilia na chenji niliyoisahau. Huyo nikirudi namtafuta.

Wenyeji wa Unguja nyie mnafanyaje? Mnaandikishana? Mnamrekodi mtu kwenye simu kabla ya kupanda?

EDIT: Mnaouliza kwa nini sikuita polisi nikiwa kulekule kisiwani, wangekuja na boti ya nani?