Kukodi gari "kwa bei nafuu" mji mdogo: huu ni upigaji mtupu, njooni tuseme ukweli

Wakuu, nisipolimwaga hili hapa nitapasuka.

Nimetoka kukodi gari kwa ajili ya kutembelea mji mdogo, ile miji ambayo ukitoka nje ya uwanja wa ndege unakuta kaunta mbili za magari, moja imefungwa na ya pili ina kijana mmoja anayechezea simu. Bei niliyooneshwa mtandaoni ilikuwa tamu kweli. Niliyolipa ilikaribia mara mbili yake. Gari lenyewe halikuwa lile la kwenye picha, na dhamana yangu mpaka naandika hapa haijarudi. Ukiuliza, jibu ni moja tu: iko kwenye mkataba.

Na kabla hamjaanza na "mkuu, ungesoma mkataba", niliusoma. Wote. Ndiyo maana nina hasira.

Tuanze na gari. Picha inaonesha gari zuri, na chini yake, kwa herufi zinazodai miwani, wameandika "au linalofanana nalo". Linafanana kwa macho ya nani? Ukweli ambao hakuna anayekwambia ni kwamba hukodi gari, unakodi herufi 4. Kampuni nyingi duniani zinatumia msimbo uitwao ACRISS: herufi ya kwanza ni ukubwa, ya pili ni aina ya bodi, ya tatu ni gia, ya nne ni mafuta na kiyoyozi. Ukiona ECMR, hilo ni gari dogo la bei ya chini, gia za mkono, lina kiyoyozi. Herufi ya tatu ikiwa A, ndiyo otomatiki. Sasa mtu asiyeweza gia za mkono anafika usiku, anakabidhiwa gia za mkono, anaambiwa otomatiki zipo ila ni kundi lingine, ongeza pesa. Atafanya nini, alale pale?

Hapo ndipo kwenye kiini cha malalamiko yangu. Mji mkubwa ukiona wanakuletea ubabaishaji, unavuka hatua chache unaenda kaunta ya jirani. Mji mdogo jirani hayupo. Wanajua umefika na mabegi, wanajua mabasi ni ya kubahatisha, na wanajua magari yaliyobaki uani ni machache. Ile bei ya mtandaoni kazi yake ni kukufikisha tu mbele ya kaunta. Biashara yenyewe inaanzia hapo.

Biashara hiyo ni bima. Hebu nieleze kwa wale ambao hawajakutana nayo. Kodi ya gari huwa inakuja na kinga ya uharibifu, lakini kinga hiyo ina kiwango unachobeba wewe kwanza. Gari likikwaruzwa, gharama zote mpaka kufikia kiwango hicho ni zako. Ndiyo maana wanazuia pesa kwenye kadi yako, ndiyo hiyo dhamana, na pesa hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko kodi ya gari kwa safari nzima. Halafu si kadi yoyote. Wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Ukitoa kadi ya kawaida ya benki, wengine wanaikataa kabisa, wengine uso unachangamka ghafla: "Tunaweza kukusaidia, ukichukua bima yetu kamili." Bima ambayo kwa siku inaweza kukaribia au hata kupita bei ya gari! Na hiyo "kamili" usome vizuri, mara nyingi tairi, vioo, paa na chini ya gari havimo. Sasa barabara za kutoka mji mdogo kwenda kwenye vivutio vyake, kitu gani kinaumia kwanza kama si tairi na chini ya gari?

Kuna kampuni za bima za pembeni zinazouza kinga ya kile kiwango kabla hujasafiri, kwa bei ya chini sana ukilinganisha. Kijana wa kaunta hatakutajia. Ila na yenyewe haizuii dhamana kushikwa. Gari likiharibika unalipa kwanza, kisha unaenda kudai.

Saa za kazi sasa. Ofisi ya mji mdogo inafunga jioni mapema, wikendi ndiyo kabisa. Ndege ikichelewa na hukuwaachia namba ya ndege, wanaweza kukuhesabu kama hukutokea. Wakikusubiri, kuna tozo ya kukusubiri. Kurudisha gari ofisi ikiwa imefungwa, unatumbukiza ufunguo kwenye kisanduku, na kwa mikataba mingi gari linabaki mikononi mwako mpaka wao wafungue kesho yake. Umeshapanda ndege, umelala kwako, mtu akiligonga kule maegeshoni ni deni lako! Mimi nilipiga video kuanzia bampa hadi kilomita za dashibodi, na bado wameniletea mkwaruzo wa rimu pamoja na "gharama za kiofisi" za kuushughulikia huo mkwaruzo. Wengine huongeza hata siku ambazo gari lilikaa gereji bila kukodishwa.

Kilomita zenye kikomo, dereva wa pili, dereva chini ya miaka 25, kuchukulia mji mmoja na kurudishia mwingine, yote hayo yana bei yake. Ukirudisha mapema msidhani mtarudishiwa chochote. Wengine wanapiga hesabu upya kwa bei ya siku chache, inatoka juu zaidi.

Na wanaosema serikali zitawabana: Ulaya, Tume ya Umoja wa Ulaya ilishazikalia kooni kampuni kubwa 5 hadi mwaka 2017 ikatangaza kwamba zimeboresha uwazi wa bei na mikataba. Marekani kanuni iliyoanza Mei 2025 inawalazimisha wauza tiketi za burudani na wenye malazi ya muda mfupi kutaja bei nzima tangu mwanzo. Magari ya kukodi hayamo.

Nimeshawaandikia barua pepe na kuambatanisha video. Nimejibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni ya thamani kwao. Hatua inayofuata ni kupinga makato kupitia benki iliyonipa kadi.

Kama kuna aliyewahi kupinga makato ya mkwaruzo kwa njia hiyo akashinda, aweke hapa aliambatanisha nini na benki ilichukua muda gani. Wenye kampuni na mawakala wao, kama mmo humu, nanyi karibuni, ila msije na habari za mkataba.