Kwa nini Sajenti George Jordan alisubiri nishani miaka kumi?

Mpenda Kumbukumbu: Wanajukwaa, salaam. George Jordan, aliyezaliwa utumwani Tennessee, akaingia jeshini mwaka 1866 na kuhamia Kikosi cha 9 cha Wapanda Farasi cha Marekani, kikosi cha askari weusi, mwaka 1870, aliilinda Fort Tularosa, New Mexico, Mei 14, 1880, lakini Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Marekani, aliipata mwaka 1890. Emanuel Stance wa kikosi hichohicho alipigana Kickapoo Springs, Texas, Mei 20, 1870, naye akatunukiwa mwezi uliofuata. Tofauti hii ilitokana na nini?

Msomaji wa Nyaraka: Nishani ilitegemea kalamu ya ofisa. Stance alikuwa na Kapteni Henry Carroll, aliyemsifu bila kukawia. Maelezo rasmi ya nishani ya Jordan yanaunganisha mapambano mawili, Tularosa na lile la Carrizo Canyon la Agosti 12, 1881, ambako aliongoza upande wa kulia wa askari 19 na kuwazuia adui wasiwazingire wenzake. Kwa hiyo mapendekezo ya kumtunuku yasingekamilika kabla ya hapo. Miaka iliyobaki, kwa maoni yangu, ni uzembe mtupu wa wakubwa.

Tularosa yenyewe isipitwe haraka. Ujumbe wa kuomba msaada ulimkuta Jordan na watu wake 25 wamechoka, nao wakaamua kutembea usiku kucha. Walipofika asubuhi hawakulala, bali walishinda wakiikarabati ngome kuukuu na kujenga boma la magogo ili raia wapate pa kujihifadhi. Jioni Waapache, wenyeji wa asili wa eneo hilo, zaidi ya 100 wakashambulia, wakarudishwa nyuma.

Mdau wa Pembeni: Nakubaliana, ila tusiwataje Waapache kana kwamba walizuka tu porini. Victorio, kiongozi wao, na watu wake walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka Ojo Caliente, nchi yao, na kupelekwa San Carlos, eneo walilotengewa na serikali, ambalo walilichukia. Waliingia vitani mwaka 1879 wakitaka kubaki kwao, na waliotumwa kuwazuia walikuwa watu ambao wengi wao walionja uhuru miaka michache tu kabla ya hapo.

Msomaji wa Nyaraka: Hoja yako ina uzito. Hata nishani hiyo haikumfaa Jordan uzeeni: baada ya kustaafu mwaka 1897 aliishi Crawford, Nebraska, na alipougua mwaka 1904 alinyimwa kitanda katika hospitali ya jeshi ya Fort Robinson, akafariki Oktoba mwaka huohuo.